Fasihi, Ualimu au Kalamu? Mkanganyiko wa Kozi za Kiingereza Meru na Embu

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ikafungua maombi, saiba za Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua hujaa wazazi na watoto wao. Anayejaza fomu ana foleni mlangoni, kwa hiyo maelezo yake huwa mafupi. Kwa mtoto aliyepata B ya Kiingereza na alama za wastani kwingineko, orodha inayofunguka kwenye kompyuta inatatiza kwelikweli: shahada ya sanaa katika fasihi, shahada ya sanaa katika Kiingereza na isimu, shahada ya ualimu ya Kiingereza na fasihi, lugha na mawasiliano, uanahabari. Mtoto anasema anataka kuwa mwandishi. Mzazi anauliza ni ipi kati ya hizo itakayompa kazi. Wote wawili wana haki ya kuuliza, lakini hawaulizi swali moja.

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa shahada. Wengi wao hawafikii alama za udaktari wala uhandisi, na kozi za lugha na ualimu ni miongoni mwa zile zinazowapokea kwa wingi. Uamuzi unaofanywa kwa dakika kumi juu ya benchi la saiba unafunga miaka minne ya karo na mkopo wa HELB. Ndiyo maana unastahili kuchambuliwa kwa utulivu.

Mambo manne ndani ya jina moja

Mtu akisema anaenda “kusomea Kiingereza”, anaweza kumaanisha mambo manne. La kwanza ni lugha yenyewe: sauti, sarufi, maana, namna watu wanavyoitumia. La pili ni fasihi: riwaya, tamthilia, mashairi na masimulizi, na jinsi ya kuyasoma kwa makini. La tatu ni leseni ya kufundisha. La nne ni ufundi wa kutunga.

Shuleni mambo haya hayakutenganishwa. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, Kiingereza na fasihi yake vilikuwa somo moja, mwalimu mmoja na gredi moja. Mtihani una karatasi tatu za alama 60, 80 na 60. Katika karatasi ya tatu kuna insha ya kubuni ya alama 20, halafu maswali ya vitabu teule. Maana yake ni kwamba utungaji wa kubuni unapimwa kwa alama 20 kati ya 200, yaani sehemu moja ya kumi. Gredi A ya Kiingereza inathibitisha kwamba mtoto anajua kusoma kifungu, kujibu swali la riwaya na kuandika barua rasmi. Kuhusu kipaji chake cha kutunga inasema machache sana. Na kinyume chake ni kweli: yupo mtoto mwenye B- ambaye hadithi zake zinasomwa darasa zima, akaangushwa na sarufi na ufahamu.

Chuoni mambo yale manne huachana njia. Idara ya isimu inamtaka mwanafunzi achunguze sentensi. Idara ya fasihi inamtaka asome vitabu vingi na aandike hoja kuvihusu. Kitivo cha elimu kinamtaka ajue saikolojia ya mtoto, mbinu za ufundishaji, na aende mazoezi ya kufundisha. Ufundi wa kutunga mara nyingi hauna nyumba yake. Huwa somo moja au mawili ndani ya fasihi. Mtoto aliyekwenda kutafuta jambo la nne akapewa la tatu atasema amedanganywa, ilhali hakuna aliyemdanganya.

Tulivyofika hapa

Kizazi cha kwanza cha waandishi wa Afrika Mashariki kilipita Makerere, ambako shahada zilitolewa chini ya Chuo Kikuu cha London na idara ilikuwa ya Kiingereza kwa maana ya Waingereza. Hata hivyo, ndani ya idara hiyo ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o alimoandika rasimu za riwaya zake mbili za kwanza akiwa mwanafunzi. Kulikuwa na jarida la wanafunzi, mashindano ya uandishi, na mwaka wa 1962 mkutano wa waandishi wa Afrika ukafanyika pale pale.

Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakiwa Nairobi, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafunzi wa Afrika aanze na fasihi ya Afrika, simulizi ikiwa mbele, kisha atoke kwenda kwa wengine. Walishinda kwa kiasi kikubwa: Nairobi ikapata Idara ya Fasihi, na vyuo vilivyofuata vikaiga. Mwaka wa 1974 mkutano wa walimu katika Shule ya Nairobi ukalipeleka jambo hilo kwenye shule za upili, na fasihi simulizi ikaingia katika mtaala.

Historia hii inaondoa kosa moja la kawaida. Wazazi wengi wakisikia “fasihi ya Kiingereza” hudhani mtoto anaenda kukariri Shakespeare. Kwa miaka zaidi ya hamsini kozi hiyo nchini Kenya imekuwa fasihi ya Afrika, ya Karibiani, ya simulizi na ya ulimwengu, inayosomwa kwa Kiingereza. Lakini waraka wa 1968 ulibishania nini kisomwe. Namna ya kumlea anayeandika haikuwa ndiyo kesi, na pengo hilo tumelirithi.

Vyuo vya upande huu wa mlima

Hadi miaka ya 1990, kijana wa Meru au Embu aliyetaka shahada alipanda gari kwenda Nairobi, Kenyatta, Egerton au Moi. Kanisa la Methodisti lilifungua Chuo Kikuu cha KeMU mjini Meru mwaka wa 1997, na chuo hicho kikapata hati mwaka wa 2006. Chuka kilianza kama tawi la Egerton, kikawa chuo kishiriki mwaka wa 2007, na kupata hati mwaka wa 2013, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, kilipata yake. Embu kilikua katika uwanja wa chuo cha mafunzo ya maofisa wa kilimo, kikawa chuo kishiriki cha Nairobi mwaka wa 2011 na kujitegemea mwaka wa 2016.

Asili hizo zina uzito. Vyuo hivi vilizaliwa na mahitaji ya kilimo, teknolojia, biashara na walimu. Fasihi iliingia ikiwa mgongoni mwa ualimu. Kwa hiyo mhadhiri wa fasihi hapa, kwa kiasi kikubwa, anafundisha watu watakaokuwa walimu, na anapanga masomo yake kwa kuwafikiria hao. Si dosari, lakini mtoto anayetaka kuandika riwaya anapaswa kujua anaingia katika darasa la namna gani.

Hoja ya mkate

Upande wa kwanza unasema: soma sayansi. Serikali yenyewe, katika kupanga shule za upili za mfumo mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, ililenga asilimia 60 ya wanafunzi wachukue sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi ya jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Uhaba wa walimu unaolalamikiwa kila mara ni wa hisabati na sayansi. Na tangu utaratibu wa ufadhili wa 2023, ambao Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024 kabla ya Mahakama ya Rufaa kusimamisha uamuzi huo, mzazi anaonyeshwa bei ya kozi na sehemu atakayobeba mwenyewe.

Hoja hii isipuuzwe, hasa hapa. Karo ya Meru na Embu hutoka kwenye majani chai, kahawa, maziwa, miraa na muguka. Familia ya Igembe iliona soko la miraa la Uingereza likifungwa 2014, kisha la Somalia likafungwa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Familia ya Mbeere iliona kaunti za Pwani zikipiga marufuku muguka Mei 2024. Mtu ambaye mapato yake yanaweza kukatwa kwa tangazo moja la redio ana haki ya kutaka mtoto asomee kitu chenye uhakika.

Udhaifu wake ni kwamba inamchukulia kila mtoto kuwa mhandisi aliyekosa nidhamu. Mwenye D+ ya hisabati hatageuzwa kuwa mtaalamu wa takwimu kwa kusukumwa. Pia inasahau kwamba Kiingereza kitabaki somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe amechagua njia gani, na kwamba hospitali, kaunti, vyama vya ushirika, mashirika na redio zote zinatafuta mtu anayeweza kuandika ripoti ikaeleweka.

Hoja ya ualimu

Upande wa pili ndio wenye wafuasi wengi zaidi vijijini: soma Kiingereza na fasihi, lakini kwa shahada ya ualimu. Hapa pana mambo ya kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Nguvu yake kubwa ni leseni. TSC, tume ya walimu, haimsajili mtu kwa sababu anaijua fasihi. Humsajili mwenye mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Aliyesoma shahada ya sanaa peke yake hawezi kufundisha katika shule ya upili mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, na hata akiiongeza, huangaliwa kama alipata C+ kwa jumla na C+ katika masomo hayo alipofanya KCSE. Wapo wahitimu waliogundua sharti hili wakiwa na digrii mkononi, na gredi za kidato cha nne haziwezi kurekebishwa kwa kusoma zaidi chuoni. Anayechagua shahada ya sanaa na bado anataka kuuacha mlango wa ualimu wazi, aitoe hati yake ya matokeo kwanza aitazame.

Nguvu ya pili haitajwi sana. Ualimu wa Kiingereza Kenya ni mojawapo ya kazi chache zinazomlipa mtu huku zikimweka karibu na utunzi. Tamasha la kitaifa la drama, lililoanza 1959, hutaka shule zinazoshiriki zilete tamthilia mpya, ngonjera, mashairi na masimulizi kila mwaka. Mtu lazima ayaandike, na mara nyingi ni mwalimu wa lugha. Shule nyingine hununua miswada kwa waandishi walio nje. Vikundi vya maigizo huzunguka Meru, Chuka na Embu vikiigiza vitabu teule mbele ya wanafunzi waliolipa kiingilio. Jukwaa hilo limelea watunzi, waigizaji na wachekeshaji wengi wa nchi hii kuliko darasa lolote la chuo.

Udhaifu nao ni mkubwa. Usajili si ajira. Wahitimu husubiri miaka, wengine wakifundisha kwa mkataba wa bodi ya shule kwa malipo madogo, wengine wakiingia sekondari msingi kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Isitoshe, muda wa miaka minne unagawanywa. Ukiondoa falsafa ya elimu, saikolojia, upimaji, uandaaji wa somo na muhula wa mazoezi, fasihi inabaki na sehemu yake tu. Mwalimu anaweza kuhitimu akiwa amesoma riwaya chache sana nje ya zile atakazofundisha, na akiwa hajawahi kuandika hadithi moja iliyosomwa na mtu mwingine. Kisha anakabidhiwa kazi ya kusahihisha insha za kubuni. Mwanafunzi wake akifungua hadithi kwa sentensi ya kutisha na kuimalizia kwa ndoto aliyoamka nayo, mwalimu hana la kumwambia zaidi ya kuhesabu makosa ya tahajia.

Mfumo mpya wa elimu unaigeuza hesabu hii kidogo. Katika shule ya upili ya juu, iliyopangiwa kuanza na Gredi ya 10 Januari 2026, Fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua linalojitegemea, na Fasihi ya Kiswahili vivyo hivyo. Litahitaji walimu walioisoma fasihi kwa kina. Lakini wachukuaji wa somo la hiari, ndani ya njia iliyolengwa kupata robo ya wanafunzi, hawawezi kuwa wengi kama wa somo la lazima. Mwalimu atakayejua fasihi vizuri na pia lugha vizuri ndiye atakayekuwa na nafasi pande zote mbili.

Kwa nini Kiingereza?

Upande wa tatu unauliza swali la 1968 kwa lugha ya leo: mtoto wa Tigania au Mbeere akasomee fasihi kwa Kiingereza kwa nini, ilhali yake inazikwa na wazee?

Wanaouliza hivyo wana ushahidi. Chukua simulizi la Wameru la jinsi walivyotoka Mbwaa, nchi yao ya asili. Watu wanashikwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, ambao wanawapa majaribu yasiyowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini, watengeneze mkuki wa kufika mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjoe, anatafuta hila, watu wanatoroka, maji yanapasuliwa wavuke. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe, na ukoo wa mtu hadi leo hutajwa kwa rangi hiyo. Masimulizi hutofautiana toka mahali hadi mahali. Wasomi wamebishana pia iwapo habari ya maji kupasuka ilikuwapo kabla ya wamisionari kuja na kitabu cha Kutoka, au ilikolezwa baadaye. Ndani ya kisa kimoja kuna kitendawili, tanzia, muundo wa utatu, siasa ya koo na tatizo la matini zinazoathiriana. Darasa la fasihi linaweza kukaa nalo muhula mzima. Waembu nao wana kisa cha Mwenendega, babu yao wa asili, na kichaka chake karibu na Runyenjes bado kinaonyeshwa kwa kidole.

Kazi ya kuyakusanya imeanza zamani. Profesa Ciarunji Chesaina, aliyefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka wa 1997 kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alichagua Kiswahili. Tamthilia yake Kifo Kisimani ilikuwa kitabu teule na ikasomwa na wanafunzi nchi nzima. Tena yeye alitoka katika isimu, si katika idara ya fasihi ya Kiingereza. Mfano wake unaonyesha kwamba mwandishi wa eneo hili hakulazimika kupitia Kiingereza ili asomwe kutoka Lamu hadi Busia.

Udhaifu wa upande huu ni wa vitendo. Kimeru chenyewe ni lahaja nyingi: Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi, Kichuka na nyinginezo, na Watharaka wana Biblia yao mbali na ya Kimeru. Mchapishaji anayetegemea vitabu vya shule hawezi kuchapa riwaya kwa lahaja moja akapata faida, hasa tangu sheria ya kodi ya 2013 ilipoviwekea vitabu ushuru wa VAT wa asilimia 16. Lakini tusiifunge hoja mapema. Muuga FM hutangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, saa zote za siku. Vituo hivyo vinahitaji michezo ya kuigiza, matangazo ya biashara yenye mvuto, vipindi na hadithi. Soko la lugha hizi limeingia hewani kabla ya kuingia kwenye karatasi, na hakuna kozi ya Kiingereza inayomkataza mwanafunzi kuandika mchezo wa redio kwa Kiembu.

Je, utunzi hufundishika?

Swali la nne ndilo linaloleta vijana wengi kwenye kozi hii na ndilo vyuo hulijibu vibaya zaidi. Wapo wanaoshikilia kwamba mwandishi huzaliwa. Wanataja Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeandika The River and the Source, na Paul Vitta, mwanafizikia wa Tanzania aliyeandika Fathers of Nations. Vitabu vyote viwili vimekuwa vitabu teule Kenya. Walioviandika hawakuhitaji shahada ya fasihi, na taaluma zao ziliwapa mambo ya kuandika pamoja na mshahara wa kula.

Wengine wanajibu kwa orodha tofauti. Wakenya watano wamepata Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika: Binyavanga Wainaina mwaka wa 2002, Yvonne Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Shahada zao za kwanza hazifanani. Binyavanga alianza na biashara, Luhumyo alisoma sheria. Hata hivyo wote watano, wengine kabla ya tuzo na wengine baada yake, walisomea uandishi ng'ambo: East Anglia, Queensland, Iowa, New York na Texas. Kama ufundi haufundishiki, hawakuwa na sababu ya kuvuka bahari kuufuata. Nao Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Nobel 2021, aliishi maisha yake ya kazi akifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Hakuwa mwalimu wa utunzi. Alisoma na kusomesha, na akaandika.

Kwa maoni yangu mabishano haya yanaendelea kwa sababu pande zote mbili hazitazami kinachofanyika katika warsha ya uandishi. Kipaji hakigawiwi pale. Kinachofanyika ni kitu kidogo na cha kuchosha. Mwanafunzi analeta ukurasa. Ameandika kwamba maisha ya mkulima ni magumu. Wenzake wanamwuliza: mkulima yupi, yuko wapi, ameshika nini? Anarudi wiki inayofuata. Sasa mkulima amesimama nje ya kiwanda cha kahawa, ameshika risiti ya kilo alizopeleka Jumanne, wino umefifia kwa jasho la mkono, na malipo ya msimu uliopita hayajatoka. Hakuna aliyempa risiti hiyo. Alikuwa nayo nyumbani kwao siku zote. Warsha ilimfanya aione.

Gharama ya kazi hii ni muda wa mhadhiri. Darasa la wanafunzi 15, kila mmoja na hadithi ya maneno 2,000, humpa mhadhiri maneno 30,000 ya kusoma kwa raundi moja. Darasa la 150 humpa 300,000, na hakuna binadamu anayeweza kuyasoma na kuyaandikia maoni. Hapo utunzi hugeuka kuwa mhadhara kuhusu dhana ya mhusika, wa kunakiliwa daftarini. Vyuo vinavyopokea fedha kwa idadi ya wanafunzi vina kila sababu ya kujaza ukumbi, na somo la utunzi ndilo la kwanza kuumia.

Njia nyingine zipo nje ya chuo. Kampala, wanawake wa Femrite, chama cha waandishi wanawake, wamekutana tangu 1996, wakisomeana kazi na kuzichapisha. Nairobi, jarida la Kwani? lilianza 2003 likakusanya kizazi kizima. Kinachohitajika ni meza, watu wanane na uaminifu wa kukutana kila wiki, na hivyo havihitaji hati ya chuo kikuu.

Kuna jambo la mwisho ambalo limeibadilisha hesabu. Kwa miaka mingi vijana wenye Kiingereza kizuri katika hosteli za vyuo walijilipia karo kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Tangu programu za akili unde zienee mwishoni mwa 2022, kazi hiyo imepungua sana. Ilikuwa riziki, na aliyeipoteza ameumia, lakini iliwazoesha wengi kuandika wasichokijua kwa ajili ya wasiowajua. Programu hizo huandika kwa sekunde moja kwamba maisha ya mkulima ni magumu. Ile risiti hazina. Anayesomea kuandika mambo ya jumla anashindana na mashine. Anayesomea kuona ana kazi ambayo bado ni yake.

Mizani

Nikizipima hoja hizi kwa hali ya Meru na Embu, siipi ushindi hoja ya soko, ingawa inasema kweli kuhusu hatari. Kwa familia isiyo na akiba ya kumlipia mtoto kozi ya pili, shahada ya ualimu ya Kiingereza na fasihi ndiyo kinga bora zaidi, na inafaa pia kwa mtunzi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya drama, vitabu na hadhira ya watoto iliyo mbele yake kila siku. Shahada ya sanaa inamfaa mwenye gredi zitakazomruhusu kurudi kwenye ualimu, au aliyekwisha amua kwenda uchapishaji, redio, mawasiliano au usomi. Yule anayetaka kuandika tu, na anapenda uuguzi au kilimo, asome hicho anachokipenda na ajiunge na kikundi cha kusomeana.

Kwa vyuo, nasema waziwazi: shahada ya ualimu wa Kiingereza isiyomlazimisha mwanafunzi kutunga na kuandika upya ni pungufu, na kuifanya kamili hakuhitaji idara mpya. Somo moja la utunzi lenye vikundi vya watu 15, lenye sharti la kurekodi simulizi moja kutoka kwa mzee wa kijijini kwao na kuliandika kwa Kiingereza na kwa lugha ya nyumbani, linawezekana Chuka, Embu na KeMU kwa wahadhiri waliopo.

Na kwako mzazi uliye kwenye benchi la saiba: KUCCPS hufungua muda wa kubadilisha chaguo, na baadaye wa kuhamia chuo kingine. Kabla ya kufunga uamuzi, panda matatu siku ya kawaida ya masomo, mwende na mtoto hadi chuoni, mtafute mhadhiri wa fasihi na umwulize swali moja. Katika muhula mmoja, mwanafunzi wako huandika mara ngapi, na hurudishiwa kazi yake ikiwa na maoni mara ngapi?